Manguo Inakauka na Mupepe

Juma yenye ilipita nilienda kutembelea mujukuu yangu Nadège, kule Golf, mu Lubumbashi. Nilikuwa siyaikala hata muzuri pa kiti, harufu ikanishika ku pua. Harufu ya pamba yenye inataka kuungua lakini haiyaungua bado. Muntu mwenye hakutumika kazi ya manguo hawezi kuijua. Atasema ni mukate, atasema ni pasi ya jirani. Miye niliisikia, nikauliza: «Nadège, nani anakausha manguo humu?»

Nadège akacheka. Kambo njo miye, nyanya yake. «Kambo, ni séchoir, mashini ya kukausha. Siku hizi inapata moto sana, tena manguo inatoka na maji. Fundi alisema tuitupe tu, tutafute ingine.»

Tuitupe! Nilimuambia asiguse kitu mbele nimalize chai yangu. Nitarudia kwa hiyo mashini ya Nadège, musikuwe na haraka. Miye nikianza kuzungumuza napita mu njia zote, na bantu ya umri yangu banajua: ukikata muzee katikati, anaanza tena kule mwanzo.

Harufu ile kwangu ni mama. Bengine mama yao alikuwa na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ao ya marashi ya misa. Yangu alikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na pamba ya moto. Alikuwa anafua manguo ya hopitali ya kambi ya bafanyakazi ya reli. Baba yangu alikuwa mufanyakazi ya reli, mpaka siku reli ilimuchukua. Juu ya ile kifo sitasema mingi, nilikuwa mudogo, nakumbuka paka tu biatu yake yenye balituletea mu mufuko ya karatasi. Kiisha maziko, bakubwa ya kambi balisema nyumba ni ya muntu mwenye anatumika. Mama alitoka kwao Mitwaba bila kujua kusoma hata jina yake. Alifunga kitambaa mu kichwa, akaenda kuomba kazi, na balimupa ya kufua. Nyumba ikabakia yetu. Muelewe hapo muzuri, juu mambo yote inasimama hapo: kazi ya mama ilikuwa nyumba yetu. Kazi ikipotea, tunapakia masufuria mu kamiyo, ni kusema lori, na kurudia Mitwaba, kwenye hatukukuwa tena na shamba wala muntu wa kutungojea.

Nyumba ya kufulia ilikuwa nyuma ya maternité, kwenye bamama banazalia. Simenti yake haikukauka siku hata moya. Kulikuwa mapipa mbili ya kuchemushia, meza ya pasi, na mu kona, mashini ya kukausha. Ilikuwa mukubwa kushinda kabati ya padri, na mulango ya kiyoo ya muviringo, na ndani ngoma yake inageuka, inageuka, mashuka inapanda na kuanguka sawa batoto benye banajitupa mu mutoni. Nilikuwa naikala chini mbele ya kile kiyoo saa mingi kushinda zenye niliikala ku masomo. Masomo niliacha mu mwaka ya tatu, sifiche, na munaona namna naandika. Lakini ile mashini nilijua kila sauti yake.

Bamama benye balizaa balikuwa banapita pale na batoto mu mikono, banamuchokoza mama: «Mama Leontine, bwana mupya iko aje? Ule mwenye tumbo ya chuma?»

Mama anajibu bila kugeuka: «Huyu angalau harudie mu nyumba mulevi. Na akila manguo, anairudisha.»

Juu ya nini hopitali ilileta mashini? Juu ya inzi. Bantu ya huku banajua, lakini naandika kwa wenye bako mbali. Kuko inzi moya, inapenda nguo yenye iko na maji. Ukianika inje mu kivuli, inakuya pole pole, inaweka mayai mu mishono. Unavaa ile nguo, kiisha siku kidogo unatoka jipu, na mu jipu kadudu keupe kanachezacheza. Njo maana kwetu hakuna nguo yenye kuvaliwa mbele ya kupita pasi. Shati, kaptula, nguo ya ndani, nepi, hata kitambaa ya kupangusia meza. Mugeni anaona mama wa Lubumbashi anapiga pasi soksi, anacheka. Acha acheke. Mu maternité mutoto mwenye alizaliwa asubui hawezi kulala ku shuka yenye mayai ya inzi, na mu mvua makala inalowana, pasi hazitoshe. Njo balileta mashini.

Miye mwenyewe ile jipu nilikuwa nayo, hapa ku bega ya kushoto. Alama iko mpaka leo. Siku moya mama alichelewa ku kazi, nikachukua rinda yangu ku kamba, nikaivaa bila pasi, juu nilitaka kwenda ku misa na ile rinda, si ingine. Kiburi ya kitoto. Mama aliniwekea mafuta ya ngazi, ile ya mawese, ku jipu, kadudu kakakosa pumuzi, kakatoa kichwa, akakaminya. Nililia kambi yote ikasikia. Kiisha akakaweka mu mukono yangu, ananionyesha: «Angalia muzuri, Kamama.» Kamama ni miye, nilibeba jina ya mama yake, alikuwa hawezi kuniita jina ile kavu. «Angalia. Hii ndio ilikuwa inakula weye. Kila mahali penye joto na maji, inatafuta njia ya kuingia.»

Miye ile neno nililichukua sawa katekismu. Penye joto na maji, inatafuta njia ya kuingia. Kama angejua mutoto yake atalipeleka wapi, angefunga kinywa.

Kwa sababu nyuma ya nyumba ya kufulia kulikuwa tiyo, bomba ya bati. Ilitoka mu mugongo ya mashini, ikapita mu ukuta, ikatokea inje, juu kidogo kushinda kichwa ya muntu mukubwa. Mashini ikitumika, pale panatoka mupepe ya moto na ya maji, na harufu ya sabuni. Mu kipwa, wakati hakuna mvua, baridi ikikamata, shiye batoto ya kambi tulikuwa tunapanda ku kasha ya mbao na kuota ile mupepe mu uso. Miye nilikuwa najua ile ni pua. Sikufikiri ni kama pua. Nilijua ni pua. Na mvua ya kwanza ilipoanguka, inzi zikarudia, siku moya nikaona moya inazunguka pale. Joto na maji. Nikasema, voilà, itaingia mu pua, itashuka mpaka mu mashuka, na batoto yote ya maternité batatoka majipu, na mama atalaumiwa.

Basi nilikinga mama yangu. Nilichukua bande ya gaze, kitambaa ya kufungia kidonda, zile zenye mama alikuwa anachemusha na kukunja, nikaikunja mara mbili, nikapanda ku kasha, nikafunika pua ya mashini. Nikafunga na kipande ya mupira ya kinga, ya baiskeli, nikazungusha mara tatu, nikakaza. Ilikuwa kazi muzuri. Nilishuka, nikaiangalia, nikajiona muntu. Sikuambia mama juu gaze ilikuwa ya hopitali, na kugusa kitu ya hopitali kwa mama ilikuwa sawa kugusa sanduku ya sadaka.

Siku za kwanza hakuna kitu. Kiisha mashini ikaanza kugonjwa. Inatumika kidogo, inakata moto yenyewe, inanyamaza. Mama anangojea, inapoa, anawasha tena, inatumika, inakata tena. Mashuka yenye ilikuwa inakauka mbele ya saa sita sasa inafika saa tisa, na iko na maji. Mama anaweka mukono ku bati ya juu, anautoa haraka. Anarudia kwetu anasema paka: «Iko na homa.»

Homa! Muone mutoto. Miye nikafikiri: inzi moya ilipita. Gaze haikutosha. Kesho yake nikapanda tena ku kasha, nikaongeza ya pili juu ya ya kwanza.

Maternité ikakosa mashuka. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, kamba za inje hazikuwa na kazi. Ma Sœur Clothilde, mwenye alikuwa anaongoza maternité, muntu mwembamba, mwenye haki lakini bila kicheko, aliita fundi ya courant, ya umeme, Papa Gaston. Papa Gaston alikuwa na kalamu mbili mu mufuko ya shati na hakuandika siku hata moya. Alifungua mugongo ya mashini, akaangalia, akapiga filimbi.

«Ni kale kadude kanakata moto,» akasema. «Kalizeeka. Kanakata bila sababu.»

«Utaleta kapya?» mama akauliza.

«Kapya kanatoka Ulaya, Mama Leontine. Utangojea mpaka mujukuu yako aolewe. Miye natia waya, moto inapita bila kukatwa, mashuka yako inakauka. Bwana yako atapona leo leo.»

Na kweli, mashini haikukata tena. Wote balimushukuru, hata miye, juu nilifikiri dawa yangu na dawa yake zilisaidiana. Siku ya pili yake, mama akafungua mulango ya kiyoo, na ile harufu ikatoka. Shuka ya juu ilikuwa na alama ya manjano, mukubwa sawa bukari, ugali, mu sahani. Ya chini yake ilikuwa kahawia. Na mu mikunjo, muelewe hii, mu mikunjo ilikuwa bado na maji.

Mara ya kwanza Ma Sœur alinyamaza. Ya pili aliuliza. Ya tatu aliita mama mbele ya bamama bengine ya kazi, na Papa Gaston alikuwa pale.

«Mashini iko muzuri, Ma Sœur,» akasema. «Niliitengeneza miye. Ni yeye anaacha manguo mu moto, anaenda kuzungumuza na bazazi. Mashini si mbabula ya makala, Mama Leontine! Haiachwe kuwaka paka vile.»

Bamama bengine bakacheka.

Ma Sœur akasema: «Mama Leontine, baba ya batoto yako nilimuheshimu. Lakini sina mashuka ya kuchoma. Kesho utakausha mbele yangu. Ikiungua hata moya, nitaandika barua ku biro ya kambi.»

Ile barua kila muntu alijua ni ya nini. Ilikuwa kamiyo ya Mitwaba.

Mangaribi ile mama hakula. Alifua kitambaa yake ya kichwa, akaifunga ku kamba ndani ya nyumba, akaikala anaiangalia inavuja maji. Kiisha akaniuliza: «Kamama, nguo inakauka na nini?»

«Na jua, mama.»

«Na jua? Basi mu kipwa, jua iko paka ya kuonyesha meno, bila moto, asubui unatetemeka, lakini unaanika shuka saa mbili, saa ine iko kavu. Na leo? Joto ya kufa, muntu anatoka jasho na amekaa, na kitambaa hii italala hapa itaamuka na maji. Juu ya nini?»

Akasimama, akafungua mulango ya mbele, akafungua na ya nyuma. Mupepe ikapita katikati. Kitambaa ikaanza kucheza ku kamba. Mama akaigusa, akaangalia mulango moya, akaangalia ingine, na niliona uso yake inabadilika, sawa muntu mwenye alikuwa anatafuta ufunguo na uko mu mukono yake.

«Si moto,» akasema. «Nguo haikauke na moto. Moto inatoa maji mu nguo, lakini ni mupepe njo inaibeba. Bao banatafuta ugonjwa mu moto. Ile mashini haina mulango ya nyuma. Mupepe yake haitoke.»

Mupepe haitoke. Nilijua kwenye ilikuwa haitoke. Nilijua hata idadi ya kuzungusha mupira.

Kulipokucha, mbele mama hayaamuka, nilikimbia. Majani ilikuwa maji matupu, niliteleza mara mbili. Nikapanda ku kasha. Zile gaze mbili hazikuwa tena gaze. Vumbi ya pamba ya manguo ilikuwa imejaa pale, nzito, kijivu, laini, sawa kofia ya sufu yenye balivalisha tiyo. Nikashika mupira. Ni kuvuta tu. Nivute, nitupe mu choo, mashini itapona, na hakuna muntu atajua mpaka Mungu mwenyewe aseme.

Mukono yangu ilibaki pale. Nawaambia kweli, sikuwa mutoto muzuri, nilikuwa naiba sukari, na uongo ulikuwa unanitoka bila kazi. Lakini nilifikiri hivi: nikivuta, mashini itapona, na Papa Gaston atasema, munaona, iko muzuri, kosa ilikuwa ya mama. Hakuna muntu atajua kama mama alijua. Jibu alilipata usiku ile na kitambaa yake tu, na miye nitamunyanganya. Nikaachia mupira. Nikashuka ku kasha na mikono yangu mitupu, naogopa sawa sikuogopa tena mu maisha, hata siku ya kuzaa.

Saa mbili balikuwa pale bote: Ma Sœur, Papa Gaston na kalamu zake, bamama bengine pa mulango. Mama aliweka mashuka ine mu mashini, akawasha. Kiisha muda kidogo akaita: «Ma Sœur, kuya hapa, weka mukono ku kiyoo.»

«Iko na moto.»

«Na nini ingine?»

Ma Sœur akaangalia kiganja yake. «Na maji.»

«Kiyoo inatoka jasho. Kama moto ilikuwa njo inakausha, na moto yote hii, maji ilipaswa kukimbia zamani. Iko pale pale, inazunguka na manguo. Shuka inachemuka na maji yake, kiisha kwenye iligusa chuma inaungua.»

Papa Gaston akatikisa kichwa. «Mama Leontine, weye unajua mambo ya courant?»

«Courant siijue, Papa Gaston. Najua kukausha.»

Akafungua kile kichungio ya mbele, ya kukamata vumbi ya pamba, chenye alikuwa anapangusa kila siku, akakionyesha: safi. Kiisha akaweka mukono ku tiyo, nyuma ya mashini, namna alikuwa anatuwekea ku kipaji ya uso tukigonjwa, mugongo ya mukono kwanza, kiisha tumbo ya mukono. «Hapa moto.» Akasogea. «Hapa moto.» Akafika ku ukuta. «Hapa moto kushinda. Basi hapa katikati hakuna kitu yenye ilifunga. Ugonjwa iko mbele. Twende inje.»

Tukaenda bote, mu matope. Mama akapanda ku kasha yangu, na mashini inatumika kule ndani tunaisikia. Akainua kiganja mbele ya tiyo.

«Ma Sœur,» akasema, na sauti yake ilikuwa ya pole pole, «hapa hakuna mupepe hata ya kuzimisha mushumaa.»

Na paka hapo akaona kofia. Akaona na mupira. Mama alijua namna yangu ya kufunga mupira, juu ni yeye alinifundisha, kwa kufunga makala. Mukono yake ilisimama. Hakugeuka kuniangalia. Alikuwa ananipa nafasi, nilielewa nikiwa mukubwa.

«Nani alifunga hii?» Ma Sœur akauliza.

Nikasema: «Ni miye, Ma Sœur.»

Papa Gaston akapiga mikono. «Munasikia? Mutoto yake! Nilisema kosa ni ya kwake, muliona ninabeba uongo?»

Mama akashuka ku kasha. Alikuwa mufupi, Papa Gaston alimupita kichwa na bega, lakini siku ile sikuona vile.

«Ni mutoto yangu, na simukane. Alifunga pua ya mashini. Lakini Papa Gaston, mashini ikifungwa pua ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa inajizimisha. Kila siku. Ilikuwa inatuita: kuyeni, kuko kitu mubaya huku. Hakuna shuka yenye iliungua ile wakati. Mutoto alifunga pua. Nani alifunga kinywa?»

Maji ilikuwa inatona tu ku bati ya nyumba.

«Fungua, Gaston,» Ma Sœur akasema. Hakusema Papa.

Alifungua. Ile waya ilikuwa pale, inaruka kale kadude, na mupira yake ilianza kuyeyuka. Pembeni yake vumbi ya pamba, kavu sawa baruti. Hata miye na akili yangu ya mwaka ya tatu niliona kwenye tulikuwa tunaenda. Ukuta ya upande ule ilikuwa ya maternité. Ngambo yake batoto balikuwa balilala.

Sitaki mufikirie Papa Gaston alikuwa muntu mubaya. Bote tulimusukuma: Ma Sœur alitaka mashuka, bazazi balitaka mashuka, yeye alitaka kuitwa fundi. Alitoa waya bila kuambiwa mara ya pili. Mama akavuta mupira yangu. Kofia ikaanguka, na mupepe ikatoka mu tiyo na vumbi, puuu, ikajaza kitambaa ya kichwa ya Ma Sœur. Hakuna mwenye alicheka. Lakini ilibakia kidogo.

Mashuka ine ikakauka mbele haujasali rozari mbili. Mama akachukua moya, akaikunja, akaiweka ku shavu ya Ma Sœur bila kuomba ruhusa. Nyeupe, moto kidogo, kavu.

Ma Sœur akanigeukia: «Weye, juu ya nini ulifanya vile?»

Nikavuta rinda, nikamuonyesha bega, ile alama. «Inzi, Ma Sœur. Nilikataa iingie kwa batoto.»

Aliiangalia ile alama. Akatoa kitambaa, akapenga pua, na miye nikafikiri, na yeye pua yake ilikuwa ilifungwa. Kiisha akauliza mama: «Nani alikufundisha mashini?»

«Kamba, Ma Sœur,» mama akajibu. «Kamba ya kuanikia.»

Barua haikuandikwa. Papa Gaston alikata bati, akatengeneza kifuniko kadogo ka kuninginia mu kinywa ya tiyo: mupepe ikitoka, kanainuka, mashini ikinyamaza, kanaanguka, na inzi inabaki inje. Kwa hiyo na miye sikukosa kila kitu, mukumbuke hiyo pia. Tangu siku ile, kitu ikigonjwa mu hopitali, pompe, jiko, friji ya dawa, mbele ya kufungua Papa Gaston alikuwa anasema: «Iteni kwanza Mama Leontine aweke mukono.» Mama yangu, mwenye hakuweza kusoma jina yake! Anakuya, anapangusa mukono ku kikwembe yenye alifunga mu kiuno, anagusa, bantu bananyamaza. Nilikuwa natembea nyuma yake kifua mbele sawa ni miye.

Kama alinipiga? Alinipiga. Tulipofika ku nyumba, makofi tatu. Nikalia: «Mama, si mashini ilipona?» Akasema: «Hii si ya mashini. Hii ni ya gaze.» Kiisha akanikatia kipande ya samaki yenye mafuta, ile ya tumbo, yenye alikuwa anachunga yake. Na kazi akanipa: kila siku ya posho, Jumamosi, kupanda ku kasha na kutoa vumbi mu tiyo. Niliifanya mpaka siku niliolewa, na sikuwahi kuchelewa.

Bon. Chai yangu ikaisha. Nilimuambia Nadège awashe mashini yake, anipeleke nyuma ya nyumba. Akasema, Kambo, utaanguka. Nikasema, nikianguka utaniokota. Tukapita pembeni ya maua yake, tukafika ku ukuta. Tiyo yake ni ya plastiki, na kifuniko yake nyeupe ya kufungukafunguka, muzuri sana, ya Ulaya. Bafundi benye balipaka nyumba rangi mu kipwa balipaka na yenyewe. Rangi iliishika, haifunguke.

Nilimukamata mukono, kale kamukono kake ka makucha ya rangi, nikakaweka mbele ya tiyo.

«Unasikia mupepe?»

«Sisikie, Kambo.»

Nikaingiza ufunguo ya nyumba yangu, ya kule Hewa Bora, mu upande ya kifuniko, nikasukuma. Rangi ikapasuka, kifuniko ikainuka, na mupepe ya moto ikamujaa mu kiganja, na ile harufu, safi sasa, ya sabuni na pamba. Aliruka, kiisha akarudisha mukono mwenyewe.

«Eh, Kambo! Na fundi alikuwa na mashini ya kupimia! Weye ulisomea wapi?»

Nilikuwa naangalia ule mukono yake mbele ya tiyo: mugongo ya mukono kwanza, kiisha tumbo ya mukono. Na hakuna muntu mwenye alimuonyesha.

«Ku kamba,» nikamuambia.